Kupiga pedeli masaa mawili bila kufika hata Mikindani: nilivyojitolea kwenye utafiti wa lishe

Wadau habari zenu. Niliahidi ntaandika nikimaliza, nimemaliza wiki iliyopita, kwahiyo wale mliokuwa mnanicheka kijiweni kwamba naenda Shangani kuuza damu someni mpaka mwisho ndo mcheke vizuri. Natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata ntaeleza, na haina uhusiano wowote na damu.

Kwa asiyenijua, mi ni fundi baiskeli, banda langu liko Chikongola hapa Mtwara mjini, na kila Jumamosi alfajiri tunatoka kikundi, watu sita saba hivi, tunapiga mpaka Mikindani na kurudi, siku tukiwa na nguvu tunaupanda ule mlima wa kutokea Mikindani tunaendelea mbele barabara ya Lindi. Mara mbili kwa mwaka tunajitutumua tunaenda Lindi kabisa, kilomita mia na kidogo, na kila mara mi nakata moto nikikaribia Mingoyo. Yani kila mara. Sio misuli kuuma, hapana, ni ile hali kama mtu kazima swichi, mikono inatetemeka, jasho la baridi, ukiona mwembe unatamani ulale chini yake usahaulike. Wenzangu wamenibatiza jina Gesi, eti mtu wa mkoa unaochimba gesi yeye kila siku anaishiwa gesi. Kwahiyo nilipoona tangazo wanatafutwa waendesha baiskeli wa kujitolea kwenye utafiti wa lishe ya michezo, masaa marefu ya kupiga pedeli huku unapewa vinywaji, nikasema hapa hapa, nikajue huu ugonjwa wangu ni nini.

Watafiti ni wa chuo kimoja cha nje wakishirikiana na cha humu nchini, majina siyataji, walikodi nyumba Shangani wakaweka vyombo vyao chumba kimoja chenye kiyoyozi. Masharti: umri 18 mpaka 45, uwe unaendesha angalau mara tatu kwa wiki, usiwe na kisukari wala presha, usivute sigara. Mi siku hizi sivuti, nikapita. Kuna dada mmoja wa kikundi chetu naye alikuja, yeye wakamwambia majaribio yake yatapangwa kufuata mzunguko wake wa hedhi ili vipimo visichanganyane, akasema hajawahi kuona watu wanaompangia safari kwa hesabu hiyo ila akakubali.

Siku ya kwanza ni kusoma fomu. Fomu ya ridhaa, kurasa nane, Kiswahili kizuri tu. Watu wengi wanasaini ukurasa wa mwisho kama wanasaini daftari la mahudhurio, jamani isomeni yote, mi nliisoma na ilikuja kunisaidia mbele huko. Imeandikwa unaweza kujitoa muda wowote bila kutoa sababu na hakuna atakayekudai kitu. Imeandikwa damu watachukua kiasi gani, mililita 5 kila baada ya nusu saa, jaribio zima haifiki hata 40, wakati ukienda kuchangia damu hospitali wanakutoa 450 kwa mkupuo mmoja na unarudi nyumbani na soda. Na kuna namba ya kibali cha maadili kutoka NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Utafiti wowote unaochezea mwili wa mtu hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili, kwahiyo ukiitwa mahali ukiuliza kibali wakaanza kutazamana, vaa viatu uondoke.

Hayo yote nilimweleza bibi yangu, ndo naishi naye, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mjukuu wangu, mumiani wa siku hizi wana fomu." Nikakosa jibu. Na ukimuelewa sio kwamba mjinga, yeye alikuwa binti mdogo wakati Waingereza wamekuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947 kule Nachingwea, wakajenga reli mpaka baharini, 1951 mradi ukafa na reli nayo baadae ikang'olewa. Anasema kusini tumeshajaribiwa mambo mengi na wanaojaribu huwa hawarudi kutuambia wamepata nini. Hili la kurudi likumbukeni.

Haya tuje kwenye baiskeli yenyewe, maana mi ni fundi siwezi kuiruka. Haina tairi. Imefungwa chini, ina gurudumu zito mbele ndani ya boksi, usukani haukati kona, unaongeza uzito kwa kompyuta sio kwa gia. Gololi zake laini hujawahi kusikia, ukipiga pedeli unasikia pumzi yako tu. Krenki safi, pedeli zina mikanda. Kitu kimoja tu kibovu, siti. Ile siti imetengenezwa na mtu mwenye chuki binafsi, nyembamba kama ubapa wa panga, ntairudia hiyo.

Kipimo cha kwanza ni cha kutafuta mwisho wako. Wanakufunga barakoa ya mpira usoni yenye bomba linaloenda kwenye mashine, inapima hewa unayovuta na unayotoa, unaanza na wati 100 kila baada ya dakika tatu wanaongeza 25. Wati hizi hizi za balbu. Mi niliishia 275, pale miguu ikagoma yenyewe hata sikuamua. Wakaniambia kiwango changu cha juu cha kutumia oksijeni ni mililita 52 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, nikauliza hiyo ni nzuri au mbaya, mtafiti akasema mtu wa kawaida asiyefanya mazoezi anacheza kwenye 40 kushuka au kupanda kidogo, wale wa mashindano makubwa ya Ulaya wanapita 70. Kwahiyo mi niko katikati, nimezidi wakaa vijiweni ila usinipeleke Ufaransa.

Ukutani wamebandika karatasi yenye namba kuanzia 6 mpaka 20, kila baada ya dakika kadhaa unaonyesha kwa kidole umechoka kiasi gani. Nikauliza kwanini ianzie sita isianzie moja kama namba za watu wengine, kumbe ukizidisha kwa kumi unapata kama mapigo ya moyo, sita ni 60 umekaa umetulia, ishirini ni 200 unakata roho. Nimeipenda hiyo. Siku hizi vijana wa kikundi nikiwauliza "uko ngapi" wananijibu kumi na tatu, kumi na tano.

Sasa sehemu ambayo hakuna aliyeniambia na ndo sababu kubwa ya kuandika hapa. Kazi ya utafiti huu haiko kwenye baiskeli. Iko jikoni.

Wakati nshajiona nimefaulu, dada wa lishe akanikalisha akanipa karatasi ya vyakula. Kuanzia leo mpaka tunamaliza, wiki tano, hakuna mahindi, hakuna miwa, hakuna mtama wala uwele. Nikamwambia sawa dada mi mahindi ya kuchoma sio mpenzi sana. Akasema kaka, mahindi maana yake na ugali. Na miwa maana yake na sukari. Nikamwangalia. Wiki tano bila ugali wa sembe, na chai haina sukari? Maandazi? Soda? Akatikisa kichwa tu kwa huruma.

Sababu yake akanieleza vizuri na mpaka leo ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Ni kwamba kaboni, ile iliyomo kwenye kila chakula, ina aina mbili, ya kawaida na nyingine nzito kidogo wanaiita kaboni 13. Mahindi, miwa na mtama ni mimea ya ukoo mmoja kwa jinsi inavyotengeneza chakula chake juani, hiyo inabeba ile nzito kwa wingi kidogo kuliko mpunga, ngano, muhogo na maharage. Sasa kile kinywaji cha utafiti wamekitengeneza kwa sukari inayotokana na mahindi. Ukikinywa ukapiga pedeli, sukari inaungua inatoka kwenye pumzi, wanakupulizisha kwenye kichupa cha kioo, wanapima ile kaboni nzito imetoka kiasi gani, hapo wanajua kabisa katika nguvu ulizotumia ngapi zimetoka kwenye chupa yao na ngapi kwenye akiba yako mwenyewe. Ila kama jana umekula ugali wa sembe basi pumzi yako nzima inanukia mahindi na hesabu yao inaharibika. Yani pumzi inakusema ulikula nini! Nlikaa naiwaza hiyo usiku mzima.

Ila pia nikaona kitu. Hii sheria imeandikwa kwa jiko la mtu mwingine. Kule Ulaya sukari yao nyingi inatokana na kiazisukari sio miwa, wanga wao ngano na viazi, kwahiyo kwa Mzungu kuambiwa usile mahindi wala miwa ni kama mimi kuniambia usile jibini. Hapa ukimkataza mtu ugali na sukari umemkataza nyumbani kwao.

Narudi nyumbani mnyonge namweleza bibi, nategemea aseme si nlikwambia. Akauliza, "Na muhogo?" Nikasema muhogo ruhusa. "Na mchele?" Ruhusa. "Na ming'oko?" Hiyo haikuwepo kwenye karatasi, nikampigia dada wa lishe, akauliza ming'oko ndo nini, nikamwambia mizizi ya porini tunachimba tunachemsha, wa jamii ya viazi vikuu, akacheka akasema kula kaka. Bibi akapiga kofi moja, akasema haya, mtafiti wako ametukatazia sembe ya dukani tu. Na kweli, wiki zote zile nilikula bada, ule ugali wa unga wa muhogo ambao vijana wa mjini tunauona chakula cha wazee, na samaki, na mboga ya kisamvu, na wali Ijumaa. Kuanzia siku ile bibi akawa upande wa utafiti. Mumiani ikafutwa.

Chai ndo ilinitesa. Nliruhusiwa asali kijiko, sio sawa.

Halafu mizani. Walinipa kamizani ka jikoni ka betri na daftari, kila ninachokula napima naandika gramu, hasa siku moja kabla ya jaribio maana hiyo siku inatakiwa ule vilevile kila mara, chakula kile kile, kiasi kile kile, muda ule ule. Sasa niambieni wenyewe, nyumba ambayo watu wanakula sinia moja unapimaje chakula chako? Siku ya kwanza nikajitengea sahani, weee, shangazi alikuja kutembea akakuta mi nakula pembeni kwenye sahani yangu na kamizani, akauliza kwa sauti ya chini huyu kaka anaumwa nini, mbona mmemtenga. Ijumaa ndo kabisa, wageni wako kwenye mkeka, wali umepakuliwa, mi nanyanyua mizani kama muuza dagaa. Aibu.

Aliyetatua ni bibi. Akasema pima tonge. Tonge moja la bada la mkono wangu, nikapima mara kumi, linacheza kwenye gramu 60 mpaka 70, basi nakaa sinia na wenzangu kama kawaida nahesabu matonge kimoyomoyo, nikimaliza naandika. Nikawapelekea wazo, yule mtafiti mkubwa Mzungu alikaa kimya kidogo halafu akamwita mwenzie aje asikie, wakaliandika kwenye kompyuta yao, na nliambiwa washiriki waliofuata wote wakawa wanapimishwa tonge. Bibi nikamwambia umeingia kwenye sayansi. Akasema wangemuuliza mapema.

Majaribio marefu sasa. Ni matatu, wiki moja kati ya moja na nyingine. Unakuja saa moja asubuhi hujala tangu usiku, ambayo kwa aliyezoea kufunga Ramadhani sio shida. Unapimwa uzito ukiwa na bukta tu, nesi anakuwekea kanula mkononi, ile sindano ya plastiki inayobaki ili asikuchome kila mara, unapanda unapiga pedeli masaa mawili kwenye wati 150, kila robo saa unakunywa kikombe cha kinywaji, unapuliza kichupa, unaonyesha namba ya uchovu, na unaulizwa tumbo. Tumbo linaulizwa kuliko mwenye tumbo. Kichefuchefu, sifuri mpaka kumi? Tumbo kujaa? Gesi? Kutaka kwenda chooni? Hilo swali la gesi wenzangu waliposikia walianguka chini. Ukimaliza masaa mawili hujamaliza, unapewa kazi ya mwisho, kiasi fulani cha kazi umalize haraka uwezavyo, saa wameifunika hujui umetumia dakika ngapi.

Vinywaji viko vya aina tatu: kimoja ni maji yenye utamu wa bandia tu hayana nguvu yoyote, kingine glukosi peke yake, kingine glukosi imechanganywa na fruktosi, ile sukari ya matunda. Rangi moja, ladha inakaribiana. Wewe hujui unakunywa kipi na hata dada anayekupa kikombe hajui, anayejua ni mmoja tu aliyechanganya, tena siku ya jaribio haingii chumbani. Nikamuuliza kwanini mfichane wenyewe kwa wenyewe, akasema ningejua ningekushangilia zaidi siku ya kinywaji kizuri bila hata kujijua. Nikaona kweli, maana mi hata mteja nikijua tairi lake jipya nampigia pampu kwa furaha.

Kisa cha hizo sukari mbili ni hiki. Utumbo una mlango wake wa kupitisha glukosi, na mlango huo ukiwa kazini unapitisha kama gramu 60 kwa saa basi, ukizidisha inabaki tumboni inakusumbua. Fruktosi ina mlango wake mwingine. Ukichanganya unatumia milango miwili, unaweza kufika gramu 90 kwa saa, na siku hizi wapo wanaojizoesha mpaka 120. Gramu 90 ni kama vijiko 22 vya chai vya sukari, au soda tatu ndogo, kwa saa moja! Na akiba ya mwilini, hiyo iliyofichwa kwenye misuli na ini, glaikojeni, yote kwa pamoja ni kama nusu kilo, ukipiga pedeli kwa nguvu masaa kadhaa bila kuongeza inaisha. Hapo ndo nlipoelewa Mingoyo. Mi huwa natoka Mtwara nimekunywa chai ya rangi na kiazi kimoja, njiani nakunywa maji matupu, eti nikila ntakuwa mzito. Miaka minne naitwa Gesi kwasababu ya kiazi kimoja.

Jaribio la kwanza nlimaliza lakini vibaya, ile ya mwisho nliisukuma huku naona nyota. Nilipungua kilo 1.1 pamoja na kunywa kote kule, wakasema karibu yote ni maji.

Jaribio la pili ndo nyota yangu ilipokatikia. Niko dakika ya sabini, najisikia vizuri ajabu, tumbo limetulia, uchovu nimeonyesha kumi na mbili, puu, umeme ukakata. Kiyoyozi kimya, mashine ya hewa kimya, kompyuta ina betri lakini baiskeli haina. Na mi bado nazungusha pedeli gizani, natoa wati 150 zangu, ungeniunga waya ningewawashia balbu mbili na nusu za zamani zile za 60. Tukasubiri. Baada ya dakika ishirini mtafiti akasema pole sana jaribio limekufa, itabidi urudie wiki ijayo. Sasa wiki ijayo maana yake sio siku moja, maana yake ni wiki nyingine nzima ya chai ya asali na kuhesabu matonge, na kanula nyingine. Nikawauliza kwa upole, ndugu zangu, mmekuja Mtwara na mashine za mamilioni zinazotumia umeme, jenereta iko wapi? Jenereta iliagizwa. Iliagizwa, sawa. Ilifika mi nishamaliza.

Na siku hiyo hiyo anayeshika hela, sio wale watafiti, huyu wa ofisini, akataka kunipa nusu kwa vile jaribio halikukamilika. Malipo yalikuwa elfu 30 kwa kila jaribio refu na nauli elfu 5. Mi nikatoa fomu mfukoni, ukurasa wa tano, imeandikwa malipo ni fidia ya muda wa mshiriki na hayategemei kumaliza, tena hapo aliyeshindwa kumaliza sio mimi ni waya. Akasema ataliuliza. Nililipwa kamili lakini baada ya siku tisa na simu nyingi, na dada wa lishe ndo alinisimamia. Kwahiyo ukijumlisha sio hela ya kuacha kazi, mi banda nlikuwa nafungua saa saba mchana siku za jaribio na wateja wengine walienda kwa jirani. Anayekwenda kwa ajili ya hela asiende.

Hilo la kurudi kusema wamepata nini, hapa nawapa haki yao nusu. Siku ya mwisho walinikalisha wakanipa karatasi yangu: oksijeni, uzito, jasho, na dakika za ile kazi ya mwisho. Mara ya kwanza dakika 38. Ile ya pili iliyorudiwa 33. Ya tatu 34. Sasa kinywaji kipi kilikuwa kipi hawajasema mpaka washiriki wote wamalize na vile vichupa vya pumzi vipimwe huko walikovipeleka, ila mi nabashiri ya kwanza yalikuwa yale maji ya utamu wa bandia, na mwili wangu unajua. Waliahidi kikao cha kuleta majibu hapa hapa Mtwara. Bibi kasema atakuja na mkeka wake.

Nlichokifanya mimi wakati nasubiri ni kujitengenezea mwenyewe. Sukari yetu ya kawaida ya dukani ukiichambua ni nusu glukosi nusu fruktosi, kwahiyo milango yote miwili inafanya kazi, huna haja ya makopo ya gharama. Lita moja ya maji, sukari vijiko vya chai kumi na tano hivi, chumvi kidogo sana robo kijiko, ndimu. Nilianza kidogo kidogo maana tumbo nalo linafundishwa, Jumamosi ya kwanza nlikunywa chupa nzima mpaka Mikindani nikaenda kusimama pale karibu na Boma la Mjerumani natafuta choo. Ya pili ikatulia. Jumamosi iliyopita tumekwenda mpaka Mingoyo na kurudi, kurudi huku kusi inatupiga usoni, nikawa mbele nawakatia upepo wenzangu, na chupa mbili, na mihogo ya kuchemsha mfukoni imefungwa kwenye nailoni. Ikifika msimu wa mabibo nataka nijaribu na juisi yake, ina sukari zote mbili, shida ni ule ukakasi unaokaba koo, anayejua namna nzuri ya kuupunguza aniambie.

Jina Gesi bado wananiita lakini sasa wanalisema kwa maana nyingine.

Kwa wanaouliza kama bado wanaandikisha, mi nliambiwa wanahitaji watu wachache zaidi hasa wanawake, ulizia Shangani kwa watu wa baiskeli isiyotembea, mtaa mzima unawajua. Mizani walikuja kuichukua wakamkuta bibi anapimia unga wa jirani, wakaona aibu wakaiacha. Na ukienda beba siti yako mwenyewe, wanaruhusu, ile yao inafunguka kwa spana ya 13, mi nlibadilisha kuanzia jaribio la pili na nikairudisha siku ya mwisho, japo ya kwao nliifunga tena kwa shingo upande.